Kuilinda Jamii Yako: Nguvu Itumike Lini?

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatuligusi mpaka siku linapotugongea mlango.

Bwana mmoja na mkewe walikuja kwetu kutafuta shauri. Walifunga ndoa kanisani miaka 14 iliyopita, na Mungu amewajalia watoto watatu. Usiku mmoja, yapata saa nane, wezi watatu walivunja mlango wao wakaingia na mapanga. Yule bwana alipiga magoti akawaambia, "Chukueni kila kitu, lakini watoto wamelala, msiwaguse." Wakachukua televisheni, simu na pesa zote zilizokuwamo, wakaenda zao. Hakuna aliyeumizwa.

Mke alinyamaza siku tatu. Siku ya nne, mbele ya dada za mumewe, akasema, "Usiku ule tulikuwa wanawake wawili katika nyumba ile." Bwana hakujibu neno. Alikwenda sokoni akanunua simi, akawa analala nayo chini ya godoro. Wiki chache baadaye alisikia nyayo usiku. Akaruka gizani na kuinua simi. Kumbe alikuwa mwanawe wa miaka 9, ameamka kunywa maji.

Ni baada ya usiku huo wa pili ndipo walipokuja. Mke alitaka tumwambie mumewe awe mwanamume. Mume alitaka tumwambie mkewe kwamba Mkristo hapigani. Hatukumpa yeyote kati yao jibu alilolitaka, na tungependa nanyi mjue sababu.

Je, Mkristo aweza kutumia nguvu? Wako wanaosema kwamba Bwana wetu alitufundisha kugeuza shavu la pili, basi mambo yamekwisha. Ni kweli alitufundisha hivyo. Lakini shavu unaloambiwa uligeuze ni lako wewe. Shavu la mtoto wako si lako kulitoa. Usiku ule wa Gethsemani, Yesu alijitoa mwenyewe, na Petro akaamriwa kurudisha upanga wake. Lakini Mtakatifu Yohane anasimulia kwamba Bwana aliwaambia askari hivi: ikiwa wanamtafuta yeye, wawaache wafuasi wake waende zao. Alijitoa nafsi yake; waliokabidhiwa kwake hakuwatoa.

Kanisa linafundisha vivyo hivyo. Katekisimu iliyotolewa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992 yaeleza kwamba kujikinga ni haki ya mtu, na kwa yule aliyekabidhiwa uhai wa wengine ni wajibu mzito pia. Baba Mtakatifu alilirudia jambo hilo mwaka 1995 katika barua yake juu ya Injili ya Uhai. Baba na mama wamekabidhiwa uhai wa watoto wao. Mzazi awezaye kumzuia mtu anayetaka kumwua mtoto wake, kisha aketi tu akisema yeye ni mtu wa amani, amani hiyo inalipiwa na mtoto.

Basi, je, yule bwana alikosa kwa kupiga magoti? La hasha! Wezi walitaka mali, naye hakuwa na kitu mkononi mbele ya mapanga matatu, na watoto walikuwa chumba cha pili. Wahenga walisema, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Asubuhi ile watoto wake wote watatu walikunywa chai wakaenda shule. Wajibu wake ulikuwa kuwaokoa watu wake, wala haukuwa kuwashinda wezi. Aliutimiza.

Lakini tulimwambia na hili. Kama mmoja wa wezi wale angalimshika binti yake mkono ili amtoe nje, magoti yasingalitosha. Hapo ingalimbidi asimame, na mkewe asimame pamoja naye, wapige kamsa, washike kigoda, mchi au lolote lililo karibu, hata kama walijua wataumia. Wajibu huo si wa baba peke yake. Mama naye ni mlinzi wa watoto wake, na hakuna ajuaye ni nani kati yenu atakayekuwa nyumbani siku hiyo.

Nguvu hiyo ina mpaka. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefundisha katika karne ya 13, alieleza kwamba tendo la kujikinga laweza kuleta mambo mawili: kuokoa uhai, na kumwumiza au hata kumwua mshambulizi. Linalokusudiwa ni lile la kwanza. Na mtu akitumia nguvu kuliko inavyohitajika, tendo lake limekuwa baya. Sheria ya Kenya nayo inataka nguvu iwe ya kiasi, kulingana na hatari yenyewe. Kwa hivyo mwizi akikimbia, akiangusha panga, au akiwa amekwisha kufungwa kamba, saa ya nguvu imepita. Sote tumesikia jinsi kamsa inavyokusanya umati, na mtu aliyekwisha kukamatwa akapigwa mawe na kuchomwa kwa gurudumu. Ndugu, usijidanganye kwamba hapo unailinda jamii yako. Hapo unaua, na mtoto wako anayetazama kando ya njia anajifunza kwako.

Na ile simi? Tulimwuliza bwana aliinunua kwa ajili ya nani. Alifikiri kitambo, kisha akakiri kwamba aliinunua kwa sababu ya maneno aliyoambiwa mbele ya dada zake. Mwenye kushika silaha ili kuondoa aibu yake hangoji hatari ya kweli. Nyayo zozote gizani zinamtosha, na nyayo zile zilikuwa za mwanawe.

Nanyi akina mama, pimeni maneno yenu. Mwanamume aliyenyenyekea ili watoto wako waishi, usimdhihaki mbele ya watu. Waweza kumsukuma afanye ujasiri utakaokuacha mjane.

Nanyi akina baba, mkono mnaosema utawalinda wa nyumbani, unafanya nini siku za kawaida? Wako wake wanaoogopa nyayo za mume akirudi kutoka kilabuni kuliko wanavyoogopa nyayo za mwizi. Mafundisho tuliyoyataja hayasemi kwamba mshambulizi lazima atoke nje. Mke anayepigwa ana haki ya kujikinga, kukimbia pamoja na watoto na kuomba msaada, na tangu mwaka 2015 Kenya ina sheria maalumu ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili nyumbani. Mume ampigaye mkewe amekwisha kuwa ile hatari aliyopaswa kuizuia.

Someni pamoja sura ya nne ya kitabu cha Nehemia. Watu waliokuwa wakijenga ukuta wa Yerusalemu walitishwa na adui. Waliomba, wakaweka walinzi mchana na usiku, wakashika silaha tayari kuwapigania wake na watoto wao. Adui walipojua kwamba mpango wao umejulikana, wajenzi walirudi kazini. Kuwa tayari kuliwaepusha na vita.

Nanyi jitayarisheni kabla ya usiku mbaya. Imarisheni mlango na komeo. Patane na jirani kwamba mmoja akipiga kamsa, mwingine atawasha taa na kupiga simu 999 au 112. Amueni ni nani atakayekimbilia watoto, na ni vitu gani mtakavyotoa bila ubishi. Wala msiweke silaha mahali ambapo mtoto aweza kuifikia, au ambapo mtu aliyeshtuka usingizini aweza kuinyakua kabla hajatambua aliye mbele yake.

Wale wawili walirudi baada ya mwezi mmoja. Simi imefungiwa stoo pamoja na vyombo vya shamba, na mlango una komeo mpya. Mke aliwaita tena dada za mumewe, akaomba radhi mbele yao, kwa kuwa aliyakosa mbele yao. Bwana naye alimwomba mwanawe msamaha. Mtoto bado haamki usiku kunywa maji bila kumwita mama yake kwanza, na hilo litahitaji muda.

Kabla ya kulala leo, ulizaneni maswali haya: Ni nini katika nyumba yetu tunachoweza kumpa mwizi bila kujuta? Ni nani tusiyeweza kumtoa hata kwa gharama ya maisha yetu? Na je, kuna yeyote humu ndani anayemwogopa mmoja wetu? Jibuni kwa ukweli, kisha msali pamoja.