Mwaloni wa Mamre: Je, Mti Waweza Kuwa Mtakatifu?

Kwenye vilima vya chokaa vya Hebron, Palestina, huota mwaloni usiopukutisha majani. Majani yake ni madogo, magumu, yenye miiba pembeni, na huvumilia kiangazi kirefu. Ukikatwa au ukiliwa na mbuzi, huchipua upya kutoka shinani.

Kitabu cha Mwanzo kinasema hapo, kwenye mialoni ya Mamre, Mungu alimtokea Ibrahimu. Lakini nabii Hosea aliwakemea waliotoa dhabihu chini ya mialoni milimani. Je, utakatifu umo ndani ya mti?

Watu wengi wameamini hivyo. Katika karne ya 4, Mfalme Konstantino aliamuru sanamu zilizoabudiwa hapo Mamre ziondolewe na kanisa lijengwe. Baadaye mahujaji walibandua magome ya mwaloni mkongwe ulioitwa wa Ibrahimu, wakayabeba kama baraka. Mwaka 2019 mti huo ulianguka.

Mti ni kiumbe, si Muumba, hauombwi. Hata hivyo, anayemheshimu Muumba hawezi kukijeruhi kiumbe chake kwa jina la ibada. Hujaji wa kweli na aondoke Hebron mikono mitupu.