Vitenzi vya Nywele

Nywele ni nyepesi kichwani, lakini kuzieleza kwa lugha ya pili ni jambo zito. Mwanafunzi wa sekondari wa Katindiuka, kata ya mji wa Ifakara katika bonde la Kilombero, kwa kawaida amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa kuwa ya kufundishia katika shule hizo mwaka 1967. Afikapo sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Akitakiwa kumweleza mwenzake aliyekuja na misuko mipya, hutafsiri "amesuka nywele" neno kwa neno, na mwalimu humsahihisha. Kosa lake laonekana kuwa la sarufi tu, lakini chini yake liko swali la haki: kitendo ni cha nani?

Kiingereza hudai mambo matatu yatengwe. Kitenzi "has" hutaja alichonacho mtu. "Is" hutaja hali ya nywele zenyewe. "Wears" hutaja namna mtu alivyopenda ziwe. Tena liko jambo la hesabu: sisi tuna unywele mmoja na nywele nyingi, bali Mwingereza huzikusanya zote za kichwa na kuzipa kitenzi cha umoja. Hayo si magumu. Hukaririwa yakazoeleka.

Lililo gumu ni kusuka na kunyoa. Kiswahili husema "amesuka" juu ya mtu aliyeketi kwa utulivu mbele ya msusi, na mikono yake haikushika hata unywele mmoja. Husema "amenyoa" juu ya mtu aliyetoka kwa kinyozi. Msikilizaji hadanganyiki, maana desturi imemjulisha. Hata hivyo, kauli ya kutendwa ipo, na wahenga waliitumia walipotuonya: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Hawakusema "akinyoa", kwa kuwa walinena juu ya jambo linalompata mtu, si jambo analojitendea.

Tofauti hiyo si ndogo. Katika shule nyingi za Tanzania wanafunzi hutakiwa kuwa na nywele fupi. Msichana aliyependa misuko yake, kisha akanyolewa kwa kutii sharti, akitajwa kuwa "amenyoa" amepewa na kitenzi hiari ambayo hakuwa nayo. Sharti laweza kuwa jema au baya. Hilo ni shauri jingine. Lakini hata sharti jema halistahili kuitwa hiari.

Je, Kiingereza kina haki zaidi? Sivyo. Sentensi ambayo mwalimu humpa mwanafunzi ni "she had her hair plaited". Katika sentensi hiyo mwenye nywele amekuwa bwana wa kazi, na msusi ametoweka. Kauli hiyo yafaa saluni, mahali pa kulipa na kulipwa. Haifai barazani kwa shangazi aliyemsuka mtoto wa kaka yake mchana kutwa bila ya ujira, wala hakuagizwa na mtu. Upendo umesemwa kwa lugha ya kibarua. Kiswahili kina njia bora: "shangazi yake alimsuka". Tazama, msomaji, kwamba hapa anayesukwa ni mtu mwenyewe. Kiingereza hakiwezi kumsuka mtu. Husuka nywele zake tu.

Basi kila lugha ina mahali inapofichua na mahali inapoficha, na anayejua mbili hana udhuru wa kufichwa na moja. Kabla ya kuuliza ni kitenzi gani kilichozoeleka, mwanafunzi aulize nani alitenda, nani alitendewa, na kwa hiari ya nani. Tukizisifu nywele za kuzaliwa kana kwamba ni kazi ya mwenyewe, tumemsifu bure; tukizilaumu, tumemwonea. Na kama aliyesuka ni shangazi, sentensi ya Kiingereza nayo na ianze na shangazi.