Waadhi juu ya Sitara ya Hewa na Amana ya Fundi

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na sifa zote njema ni zake, aliyeumba kila kitu kwa kipimo na akakiweka mahali pake. Rehema na amani zimshukie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Enyi ndugu zangu Waislamu, sababu ya kuandika waraka huu ni neno dogo nililolisikia barazani. Siku moja baada ya sala ya alasiri nilikuwa nimekaa na wazee wenzangu, na mbele yetu alikuwako fundi kijana akitengeneza friji kuukuu la jirani. Akalegeza bomba jembamba la shaba, na gesi iliyokuwa ndani ikatoka kwa mlio kama wa nyoka, mpaka ikaisha. Nikamwuliza, "Mwanangu, hiyo yaenda wapi?" Akanijibu kwa adabu, "Yapotea hewani tu, Sheikh. Haina harufu, haiwaki moto, wala haimdhuru mtu." Wote tuliokuwapo tukaridhika, na mazungumzo yakaendelea. Lakini neno lile halikunitoka moyoni, kwa kuwa nalijua ya kwamba limekwisha kusemwa zamani na watu wakubwa kuliko fundi yule, na khasara yake ikaenea dunia nzima. Basi sikilizeni khabari yake.

Jueni ya kwamba Mwenyezi Mungu amejaalia juu ya vichwa vyetu, mbali kwa kadiri ya kilomita 15 hadi 35, hewa iitwayo ozoni. Oksijeni tuivutayo kila chembe yake ni atomu mbili zilizoshikana. Na ozoni ni oksijeni hiyo hiyo, ila atomu zake ni tatu. Kazi yake ni kuzuia ile sehemu kali ya miale ya jua inayounguza ngozi na kuleta saratani, inayotia ukungu jichoni mpaka mtu akapata mtoto wa jicho, na inayodhoofisha mimea, na vile viumbe vidogo vya baharini ambavyo ndivyo mwanzo wa chakula cha samaki. Na ajabu ya sitara hii ni wembamba wake. Lau ingalikusanywa yote ikashushwa hapa chini, ikabanwa kwa uzito wa hewa ya huku kwetu, unene wake ungalikuwa kama milimita 3 tu, yaani sarafu mbili zilizolazwa pamoja. Kwa kitu chembamba kama hicho viumbe wa nchi kavu wamesitiriwa.

Huenda msomaji akaniuliza: je, hiyo ndiyo dari iliyohifadhiwa iliyotajwa katika Kurani? Mimi sisemi hivyo. Tafsiri ina watu wake. Na ilimu ya mambo ya dunia hubadilika kila izidipo, na Kitabu cha Mungu hakibadiliki. Lililo wazi kwa kila Mwislamu ni kwamba tumekatazwa kuharibu katika ardhi baada ya kutengenezwa kwake. Amri hiyo yatutosha.

Sasa tazameni jinsi uharibifu ulivyoingia kwa mlango wa kheri. Mafriji ya kwanza yalitiwa gesi za sumu, kama amonia na dioksidi ya salfa, na zilipovuja usiku ziliweza kumwua mtu kitandani mwake. Katika mwaka 1928 huko Marekani mwanakemia Thomas Midgley na wenziwe wakatafuta kitu cha badala, wakapata jamii ya gesi zilizoundwa kwa klorini, fluorini na kaboni, nazo zaitwa klorofluorokaboni. Katika mwaka 1930 Midgley alisimama mbele ya mkutano wa wanakemia, akaivuta gesi hiyo kifuani mwake, kisha akaipuliza juu ya mshumaa, ukazimika. Kwa tendo moja akawaonyesha kuwa haiui wala haiwaki. Watu wakafurahi. Ikatiwa katika mafriji na viyoyozi, na katika makopo ya kupulizia manukato na dawa za wadudu, na katika kutengeneza sponji.

Hatumlaumu mtu kwa asilolijua. Nia yao ilikuwa kuwaokoa watu na sumu, na amali huhesabiwa kwa nia. Lakini sifa ile ile iliyopendwa, ya kutochanganyika na kitu, ndiyo iliyokuwa balaa. Kwa kuwa haioshwi na mvua wala haivunjwi na kitu huku chini, ilibaki, ikapanda mwaka baada ya mwaka mpaka ikafika kwenye sitara. Huko miale mikali ikaivunja, na klorini ikafunguka. Na klorini huivunja chembe ya ozoni, kisha yenyewe ikatoka salama, ikaenda kuvunja nyingine. Atomu moja ya klorini yaweza kuvunja chembe za ozoni kadiri ya 100,000 kabla haijafungwa.

Waliolifahamu jambo hili ni Mario Molina na Sherwood Rowland, wa chuo kikuu cha California pale Irvine, nao wakalitangaza katika mwaka 1974. Hawakuwa wameona kwa macho. Walikuwa na hesabu tu. Wenye viwanda wakawapinga, wakasema hiyo ni dhana. Wengine wakasikia, kama Marekani ilivyokataza katika mwaka 1978 kutia gesi hizo katika makopo mengi ya kupulizia. Na wengi wakangoja. Kisha katika mwaka 1985 Waingereza watatu, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, wakatoa khabari ya vipimo vya kituo cha Halley Bay, katika bara la barafu la Antaktika, vilivyokuwa vikichukuliwa tangu miaka ya 1950. Vipimo vile vikaonyesha kuwa ozoni ya huko ikipungua kila mwezi wa Oktoba, na kwamba zaidi ya thuluthi yake ilikuwa imekwisha kutoweka.

Angalieni, ndugu zangu. Waliotumia gesi hizo kwa wingi walikuwa nchi za kaskazini, na tundu likafunguka ncha ya kusini, kwa kuwa mawingu ya baridi kali ya huko ndiyo yaiamshayo klorini. Mtendaji yuko upande mmoja, na athari ya tendo lake iko upande wa pili wa dunia. Yeye hakuiona, wala aliyedhurika hakumjua.

Hapa nakumbuka mfano aliowapigia watu Mtume wetu (S.A.W.), uliopokewa na Imamu Bukhari, nao sisi watu wa pwani twaufahamu upesi. Ni mfano wa abiria wa chombo waliopiga kura, baadhi yao wakapata juu na baadhi yao wakapata chini. Wale wa chini kila walipotaka maji iliwapasa kupita kwa wenzao wa juu, wakaona wanawaudhi. Wakashauriana watoboe tundu katika fungu lao wenyewe, wasimsumbue mtu. Wakiachwa wafanye watakavyo, wote huangamia. Na wakishikwa mikono, wote huokoka. Fikirini: watu wale hawakukusudia shari. Walikuwa na adabu, hawakutaka kuwaudhi wenzao, na pahali ni fungu lao. Lakini maji ya bahari hayajui fungu la nani.

Na katika jambo hili, kwa fadhila za Mungu, watu walishikana mikono. Tarehe 16 Septemba 1987, katika mji wa Montreal nchini Kanada, dola zikaandikiana mkataba wa kupunguza gesi hizo, nao ukaanza kutumika katika mwaka 1989. Kenya ikaingia katika mwaka 1988, na Tanzania katika mwaka 1993. Na ilipofika mwaka 2009 kila dola ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imekwisha kuingia. Nchi tajiri zikaahidi kuacha kuzitengeneza ifikapo 1996, na nchi nyingine zikapewa muhula mpaka 2010 pamoja na mfuko wa fedha wa kuzisaidia. Na huo ni uadilifu, kwa kuwa aliyekula zaidi hulipa zaidi. Wataalamu waliokusanya vipimo katika mwaka 2022 wakasema ya kwamba mkataba ukishikwa, ozoni itarudi kama ilivyokuwa mwaka 1980 ifikapo kama 2040 katika sehemu kubwa ya dunia, na juu ya Antaktika kama 2066.

Mbona miaka mingi hivyo? Kwa sababu gesi iliyotumiwa zaidi katika mafriji hukaa hewani kadiri ya miaka 100. Sisi twaijua sadaka yenye kuendelea: mtu huchimba kisima, akafa, na thawabu yake ikamfuata kaburini. Basi jueni kuwa kuna na madhara yenye kuendelea. Mtu aliyefungua bomba katika mwaka 1980 huenda amekwisha kuzikwa, na gesi aliyoiachia ingaliko ikivunja.

Wala mtu asidhani kwamba ataifanya kwa siri. Katika mwaka 2018 wapimaji walitangaza kuwa gesi moja katika hizo zilizokatazwa haikuwa ikipungua kwa mwendo uliotarajiwa, na kwamba tangu kama 2012 kuna mahali ilikuwa ikitoka upya. Mwaka uliofuata vipimo vya Korea na Japani vikaonyesha ya kuwa sehemu kubwa ilitoka mashariki ya Uchina. Na baada ya kufichuka, ikapungua. Ikiwa mizani ya wanadamu yaweza kuikamata hewa isiyo rangi wala harufu, itakuwaje mizani ya Siku ya Malipo, ambayo haiachi chembe?

Mtaniambia: "Haya ni mambo ya viwanda na dola, sisi yatuhusu nini, na tundu lenyewe liko mbali nasi?" Ni kweli kwamba juu ya pwani yetu ozoni haikupungua kama ilivyopungua kusini. Lakini hiyo siyo hoja ya Mwislamu. Wanachuoni wa fikihi wamefundisha kuwa madhara huondoshwa, na kuwa kuzuia uharibifu hutangulia kuchuma faida; wala hawakusema madhara ya mtu wa karibu tu. Na leo sisi nasi tuna mafriji ya samaki, na viyoyozi madukani na misikitini. Mitungi iliyoandikwa R22 ingali mikononi mwa mafundi wetu, nayo ina klorini, ingawa madhara yake ni haba kuliko ya gesi za kwanza. Na nchi kama zetu zimeahidi kuachana nayo ifikapo 2030. Na nyingine iitwayo R134a haina klorini, lakini huzuia joto na kuitia dunia hari; kwa hiyo Oktoba 2016, hapo Kigali nchini Rwanda, dola zilipatana kuipunguza na jamii yake. Basi neno "haimdhuru mtu" limekwisha kutukhadaa mara mbili. Haifai kutukhadaa mara ya tatu.

Ewe fundi, gesi iliyomo ndani ya friji la mteja ni amana mkononi mwako. Ziko mashine za kuivuta na kuitia mtungini; ukikosa uwezo, shirikianeni mafundi watatu wanne mnunue moja. Tafuta kwanza panapovuja, uzibe, ndipo ujaze. Ewe mfanya biashara, usiuze mtungi wenye jina la uongo, kwa kuwa hiyo ni ghushi, na mwenye kughushi amejitoa katika mwendo wa Mtume wake. Nawe mwenye friji, usimharakishe fundi, wala usimpunje ujira, kisha ukamlaumu kwa kazi ya njia ya mkato.

Nami nakiri kosa langu. Siku ile barazani nalijua, nikanyamaza, kwa kuona haya kumkatiza kijana mbele ya watu. Siku ya pili nikamwendea kazini kwake, nikamweleza haya kama nilivyowaelezeni. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sheikh, na zile nilizokwisha kuziachia?" Nikamwambia: kwa usilolijua twaraji msamaha, na kwa ulijualo tangu leo utaulizwa. Na jawabu hiyo, ndugu zangu, ni yangu na yenu pia.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyaharibu kwa ujinga, utuzuie tusiyaharibu kwa kujua, na utusitiri duniani na akhera. Amin.