Toba ya Hadharani

Waswahili wana methali mbili, na kila moja yadai kuwa ndiyo yenye haki. Ya kwanza husema mficha uchi hazai. Ya pili husema mvuliwa nguo huchutama. Mwenye donda hana budi kulifunua mbele ya mganga, la sivyo litaoza. Lakini yule aliyefunuliwa na mkono wa mtu mwingine hukosa pa kujisitiri. Mgongano huu ulionekana wazi sana katika ule uamsho wa Kikristo ulioenea Afrika ya Mashariki tangu miaka ya 1930, ambao wafuasi wake waliitwa kwa Kiganda Balokole, yaani waliookoka.

Mwezi wa Septemba 1929, juu ya kilima cha Namirembe mjini Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akitumikia serikali katika kazi ya afya, alikutana na Dr. Joe Church, mganga wa misheni aliyetoka Gahini katika nchi ya Rwanda. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Haukupita muda mrefu, Nsibambi akaacha kazi yake, akavua viatu, akawa akizunguka na kanzu yake miguu mitupu, akimwuliza kila amkutaye habari za wokovu. Nduguye, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha Gahini, akafariki kwa homa mwezi wa Januari 1936 kabla hajapata kusema mbele ya sinodi ya kanisa la Uganda. Neno alilolikazia, Zukuka, yaani amka, likabaki vinywani mwa watu. Mwaka 1937 uamsho ulikuwa umekwisha fika Kenya, na baadaye ukaingia Tanganyika.

Ulieneaje upesi hivyo? Haukuwa na makao makuu, wala daftari ya wanachama, wala kiongozi mmoja mwenye cheo. Mahubiri yenyewe mara nyingi yalikuwa mafupi. Kilichouvuta umati ni ushuhuda: mtu husimama, akataja dhambi yake kwa jina lake, kisha wenzake wakamwimbia. Msikilizaji wa leo akawa msemaji wa kesho, na msemaji huyo akapanda baiskeli kwenda kijiji cha pili. Jambo hili waliliita kutembea nuruni, kwa kufuata Waraka wa kwanza wa Yohana.

Wale walioubeza uamsho kuwa ni maneno matupu hawakutazama vema matendo yake. Watu walirudisha mali waliyoiba kwa mabwana zao. Wengine walilipa madeni ambayo mwenye kudai alikwisha yasahau, na wengine kodi waliyoikwepa. Zakayo wa Injili hakutosheka kusema, alitoa. Basi toba ya namna hii humgharimu msemaji mwenyewe. Hapo methali ya kwanza yashinda, wala hapana la kuijibu.

Lakini si kila dhambi ni fedha iliyo mfukoni mwa mtu mmoja. Mume asimamapo mbele ya kusanyiko akaungama uzinzi, yuko mwanamke mwingine ambaye naye atatajwa, au asipotajwa atatambulikana, maana kijijini nani asiyejua nani alipita kwa nani? Yuko na mke wake aliyeketi katika msemaji huyo huyo akisema, naye hakuulizwa kama yuko tayari kusikia habari hiyo pamoja na majirani zake. Msemaji huondoka mwepesi. Mzigo huachwa sakafuni, na wengine ndio wauokotao. Wazee walioukasirikia uamsho kwa sababu hii huhesabiwa mara nyingi kuwa walikuwa wakitetea unafiki wao. Yamkini wengine walikuwa hivyo. Hata hivyo, stara si unafiki; ni mali ya watu wengi, na mtu mmoja hana ruhusa ya kuigawa yote.

Watu wa uamsho walikuwa na jawabu, nalo si dhaifu. Walisema kwamba siri ndiyo iliyompa shetani nyumba, na kwamba aogopaye aibu ya wanadamu hajamwogopa Mungu. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa Chuo cha Bishop Tucker huko Mukono, William Nagenda akiwa mmoja wao, walifukuzwa kwa kuwa hawakukubali kuacha sala zao za alfajiri na kuwahubiri wenzao. Watu walio tayari kupoteza daraja ya ukasisi kwa ajili ya neno lao hawawezi kudhaniwa kuwa wanacheza.

Tena toba yao ilivuka mipaka ambayo wengine hawakuthubutu kuikaribia. Katika siku za ukoloni wamisionari Wazungu walisimama wakaungama kiburi chao cha rangi mbele ya Waafrika, na Waafrika wakaungama chuki yao. Wakati wa vita vya Mau Mau, vilivyoanza mwaka 1952, wengi wa walookoka wa Kikuyu walikataa kula kiapo, na pia walikataa kushika silaha upande wa serikali. Wako waliouawa kwa sababu hiyo. Askofu Festo Kivengere naye, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa mwezi wa Februari 1977, aliikimbia Uganda, kisha akaungama chuki aliyokuwa nayo juu ya Idi Amin. Hakumfunua Amin, alijifunua mwenyewe.

Basi ingedhaniwa kanuni ni rahisi: kila mtu na ataje lake, na la mwenziwe aliache. Rwanda yaikataa kanuni hiyo. Katika nchi ile ile ya Gahini, mwaka 1994, watu waliuawa kwa maelfu, na wengi wao waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Wapo waumini waliokufa kwa kukataa kutengwa na ndugu zao. Wapo na waumini walioshika mapanga. Midomo iliyozoea kutaja ulevi na wivu haikuzoea kutaja dharau ya kabila, kwa kuwa dhambi iliyogawanywa kwa watu wote, hapana aionaye kuwa ni yake.

Kati ya mwaka 2002 na 2012 mahakama za gacaca zilikaa uwanjani na penye nyasi, na mshitakiwa aliyetaka kupunguziwa adhabu alitakiwa kuungama yote: aliyoyatenda, aliowaua, walioshirikiana naye, na mahali maiti zilipotupwa. Ni kweli kwamba wengine waliungama kwa ajili ya kupunguziwa miaka, na nia zao zilikuwa chafu. Lakini mjane hakuwa akitafuta usafi wa moyo wa muuaji. Kwake yeye siri ile haikuwa stara ya mtu yeyote. Ilikuwa deni, na mdai ni yeye. Alikuja kuketi jua kali siku nzima ili aambiwe ni shimo lipi, apate kuchukua mifupa ya watu wake akaizike.