Kikao Kisichopiga Kura
Katika vikao vya Marafiki, dhehebu lililozaliwa Uingereza karne ya 17, hakuna kura: watu hukaa kimya, mmoja husema, kimya hurudi, kisha karani huandika waliloafikiana. Naamini uchache huo wa taratibu humfanya mtu alipime neno kabla ya kulijibu. Lakini pingamizi ni zito: njia hii huchelewa. Marafiki wanne wa Germantown, Pennsylvania, walipinga utumwa kwa maandishi mwaka 1688. Mkutano wao wa Philadelphia ulikuja kuwakataza waumini kumiliki watumwa mwaka 1776. Miaka 88! Hata hivyo, silaumu kimya chenyewe. Wenye watumwa walikuwa na nafasi kikaoni, watumwa hawakuwa nayo, na Rafiki Benjamin Lay aliyepaza sauti kwa ajili yao alitengwa mwaka 1738.