Kikoi, Kanzu na Sketi: Jawabu kwa Ndugu Zetu wa Nyeri

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewapa wanadamu mavazi ya kuwasitiri na kuwapamba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya haya: darasa yetu imeletewa barua na ndugu zetu waishio Nyeri. Mtu akiisoma mbio ataiona ni barua ya vitambaa tu, lakini tulipoitia katika mizani tuliiona nzito. Wasema ya kuwa vijana wa pwani wafanyao kazi huko, na Karatina, na Nanyuki, wameanza kuona haya kutoka na kanzu au kikoi, hata siku ya Ijumaa. Wenzao wa kazini huwaonyesha katika simu picha za wanaume wa Ulaya wapitao jukwaani na sketi, kisha huwaambia: “Nyinyi na hawa ni mamoja.” Pili, yuko kijana mwenyeji wa huko aliyesilimu, akaambiwa na mmoja wetu, mtu wa pwani, ya kuwa Uislamu wake haujatimia mpaka avue suruali avae kanzu. Akavaa, akenda kwao. Mama yake akalia, akasema mwanawe amerejea nyumbani na gauni. Ijumaa tatu sasa kijana huyo hajaonekana msikitini. Na tatu, baadhi ya wazee wataka tutoe fatwa moja fupi isomwe misikitini: kwamba kila sketi kwa mwanamume ni haramu, na kila Mwislamu aliyeacha kanzu amejifananisha na makafiri.

Tutaanza na hilo la wazee. Najua wapo watakaotukasirikia, ndivyo alivyosema mmoja wetu darasani, na ni afadhali hasira ije mapema.

Sketi za wanaume katika maonyesho ya mitindo si jambo la jana. Mshoni wa Kifaransa, Jean Paul Gaultier, alizitoa Paris katikati ya miaka ya 1980. Mwaka wa 2003 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York liliweka maonyesho mazima juu ya wanaume na sketi. Na Julai 2022 mchezaji sinema wa Kimarekani, Brad Pitt, alifika Berlin kwa uzinduzi wa filamu yake amevaa sketi ya kitani, na alipoulizwa sababu alitaja upepo. Mzee yeyote wa Lamu angaliweza kumweleza habari ya upepo huo, tena bila ya kulipa nauli ya kwenda Berlin.

Basi hukumu yake ni ipi? Katika Sahihi ya Bukhari imo hadithi iliyopokewa na Ibn Abbas, yenye laana juu ya wanaume wanaojifananisha na wanawake, na juu ya wanawake wanaojifananisha na wanaume. Hadithi hii ni sahihi wala hatuna ruhusa ya kuilegeza ili tupendeze machoni mwa watu. Lakini ni lazima tuulize: vazi lipi ni la mwanamke? Ibn Hajar, aliyeishereheka Sahihi hiyo, ameeleza ya kuwa sura ya mavazi hubadilika kwa ada ya kila mji, na huenda wakawako watu ambao mavazi ya wanaume wao na wanawake wao hayatengani, ila wanawake huzidi kwa kujisitiri. Kwa hiyo hukumu haifuati hesabu ya miguu ya nguo. Hufuata ada ya watu wa mahali pale, na nia ya mvaaji.

Na lau kuwa vazi lisilo na miguu miwili ni la kike kwa asili yake, tungefanya nini na izari aliyovaa Mtume (s.a.w.) mwenyewe? Tungefanya nini na Hija? Mwanamume aliyehirimia amekatazwa kanzu na amekatazwa suruali madhali ana izari; hujifunga shuka moja kiunoni, akajitanda ya pili mabegani. Mfalme na hamali huizunguka Alkaaba katika vazi hilo moja. Yemeni wanayo futa, Oman wanayo wizari chini ya kanzu, Wasomali wanayo maawisi, na sisi tuna kikoi na msuli. Hakuna hata mmoja katika mataifa haya anayemwona mume aliyefunga nguo yake kuwa amekuwa mke.

Ama sketi iliyokatwa kwa kipimo cha wanawake, ijulikanayo mahali pale kuwa ni yao, na mwanamume akaivaa kwa makusudi ya kuufuta mpaka baina yake na wao, hiyo imeingia katika hadithi ya Ibn Abbas, na twasema hivyo bila ya kificho. Wala haiwi halali kwa kuwa imepita jukwaani Paris. Lakini hatuwezi kusema “kila sketi” kwa neno moja. Waskoti wanayo kilti yao, yenye marinda, ifikayo magotini, na kwao ni vazi la wanaume na la vita. Kikosi chao cha Black Watch, ambacho sare yake ya heshima ni kilti, kililetwa Kenya mwaka wa 1953 katika vita vya Mau Mau. Hatukusikia kwamba mtu alisimama mbele ya bunduki zao akawaambia wamevaa nguo za mama zao.

Na hapa pana jambo la kustaajabisha. Waliojenga misheni ya Tumutumu, karibu na Karatina, na ile ya Chogoria upande wa Meru iliyoanzishwa mwaka wa 1922, walikuwa ni Waskoti hao hao wa Kanisa la Skotlandi. Katika nchi ya mlimani mwanafunzi wa misheni alijulikana kwa shati na kaptura. Wazee wa Kikuyu kabla ya hapo walivaa ngozi ya mbuzi iliyofungwa begani, kisha shuka na blanketi, na vazi lile halikuwa na miguu wala mifuko, na hapana aliyeshuku uanaume wao. Hivyo kijana wa leo anayeicheka kanzu katika barabara ya Nyeri anaicheka kwa macho ya ada iliyoingia kwao kiasi cha miaka mia na kitu, tena imeletwa na watu ambao makwao wana marinda. Hatusemi haya kwa kumtukana. Ada mpya nayo ni ada, na sharia huitazama.

Sasa twende kwa vijana wetu. Enyi vijana, ngome ya Fort Hall, ambayo sasa ni Murang'a, ilijengwa mwaka wa 1900, na ya Nyeri ikafuata mwaka wa 1902. Wapagazi na askari Waislamu walikuwako katika misafara hiyo, na mitaa iitwayo Majengo na Mjini katika miji ya huko ni athari yao na ya waliowafuata. Kanzu si mgeni Nyeri; imeuona mji ule tangu siku za hema. Mkiivaa Ijumaa hamleti kioja.

Lakini hatuwalazimishi. Baridi ya Julai katika mji ulio juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,700 haina msamaha kwa mwenye kikoi peke yake. Vaeni suruali chini ya kanzu na koti juu yake. Na mwenye kwenda kazini na suruali na shati, hana dhambi wala hana haja ya kuomba radhi kwa mtu. Kikoi kiacheni cha nyumbani mkipenda, kwa kuwa huko wanawake hufunga leso kiunoni, na mtu asiyekijua kikoi atakiona ni leso. Kuliepuka neno la watu katika jambo la mubaha ni katika hekima. Kuacha sala ya Ijumaa kwa ajili ya neno hilo ndiko tusikokubali, na hilo halina udhuru.

Tena tunawauliza wanaoogopa kikoi: mbona hatusikii sauti zenu juu ya kaptura? Katika madhehebu yetu ya Shafi uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Nyeri ndiko alikofia Baden-Powell mwaka wa 1941, na kaburi lake liko huko; maskauti wake waliieneza kaptura duniani kote. Leo vijana wetu huingia msikitini na kaptura za mpira, wakisujudu mapaja yako nje, na mwenye suruali ya kubana akirukuu nguo humshuka mgongoni hata safu ya nyuma ikafumba macho. Hao sala yao imo hatarini, na wazee wamenyamaza. Mwenye kikoi kilichomsitiri mpaka chini ya magoti, nao wataka kumtolea fatwa! Ikiwa ni kukataza, basi kuna kikoi cha hariri tupu, ambacho ni haramu kwa wanaume, na tumekiona harusini zaidi ya mara moja kimevaliwa na watu wa safu ya mbele.

Limebaki la yule kijana aliyesilimu. Aliyemwambia Uislamu wake haujatimia bila ya kanzu amezidisha katika dini jambo lisilokuwamo. Abu Jahl alivaa kama walivyovaa watu wa Makka wote, na nguo haikumsaidia. Mtume (s.a.w.) katika safari ya Tabuk alivaa juba la Sham, nchi iliyokuwa ya Warumi, lenye mikono ya kubana hata alipotaka kutawadha ikambidi aitoe mikono yake kwa chini. Na huko Buganda, kanzu iliyofika na wafanyabiashara Waarabu katika karne ya 19 leo huvaliwa na Wakristo harusini pamoja na koti, wala hawakusilimu kwa kuivaa.

Basi kijana na arejee msikitini na suruali yake, ikiwa pana na safi, naye ni Mwislamu kamili. Na aliyemwambia maneno yale, ambaye twajua ya kuwa anaisoma karatasi hii, twamtaka apande basi aende Nyeri, abishe hodi kwa mama wa kijana, amwombe radhi kwa adabu kama amwombavyo mama yake mwenyewe, na amweleze kwa ulimi wake kwamba dini haikumtaka mwanawe abadili nguo. Nauli ikimshinda, darasa itamlipia.