Chakula Ambacho Hatukukipanda

Kila mwaka katika Sikukuu ya Mavuno tunaleta mbele ya madhabahu mahindi, mpunga, ndizi, maboga, mayai, na kuku waliofungwa miguu. Baada ya ibada mnada hufanyika nje ya kanisa, mzee mmoja akinadi kwa sauti kubwa katikati ya vicheko, na fedha huingia katika kazi ya Bwana. Ni desturi njema. Lakini tukitazama vizuri vitu vilivyopangwa pale, karibu vyote ni vya kupandwa au kufugwa. Ni nadra kuona fungu la mgagani uliochumwa kandokando ya shamba, kapu la uyoga wa msituni, au sinia la ming'oko. Mama ambaye wiki nzima amewalisha wanawe kwa mlenda wa porini atakopa mayai kwa jirani ili naye awe na cha kutoa, maana anaona mlenda si kitu cha kumpelekea Mungu.

Jambo hilo linatupa swali la imani. Je, tunamshukuru Mungu kwa yale tu ambayo mikono yetu imeyatolea jasho? Na vile ambavyo ardhi yetu inavizaa yenyewe, yaani mboga, matunda, mizizi, uyoga, asali, wadudu na wanyama wa mwituni, tuvipokeeje? Wako wanaovidharau kama chakula cha njaa. Wako wanaovichukua watakavyo, wakisema havina mwenyewe. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zimesahau jambo moja: chakula hicho kina mwenyewe, na mezani pake sisi ni wageni.

Neno hilo la wageni tumelipokea katika Maandiko. Katika Walawi 25:23 Mungu anawakumbusha Waisraeli kwamba nchi ni yake, na wao wanakaa kwake kama wageni na wapitaji. Sura hiyohiyo inaeleza habari za mwaka wa saba, ambao mashamba yalipumzishwa. Mwaka huo hakuna aliyepaswa kupanda. Watu walikula kilichoota chenyewe, na walikula pamoja: mwenye shamba, mtumwa, kibarua, mgeni, mnyama wa kufugwa na hata mnyama wa porini. Katika Kutoka 23:11 maskini wanatajwa kwanza, na wanachobakiza kinaachiwa wanyama. Tuone uzito wa agizo hili. Mwaka mmoja katika kila saba, tajiri wa Israeli alitakiwa kula kama anavyokula asiye na shamba, kwa kuchuma. Hakuweza kusema kwamba amekipata kwa nguvu zake. Mbele ya chakula kilichoota chenyewe, wote walikuwa maskini.

Hapa kwetu Tanzania meza hiyo imeandaliwa kwa wingi. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini na watoto huwakimbilia na mabeseni. Watu wa Kagera huwasubiri senene, ambao huja kwa misimu, hasa Novemba na Desemba, na harufu yao wakikaangwa huitambulisha nyumba ya Mhaya hata akiwa Dar es Salaam. Dodoma, wanawake huchuma mlenda wakati wa mvua, huukausha, huutwanga na kuuweka akiba, ili kiangazi ugali wa uwele au wa mtama usikose mboga. Katika misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na Iringa uyoga hujitokeza wakati wa mvua, na akina mama huupanga mafungu kando ya barabara. Mtwara na Lindi huchimbwa ming'oko, mizizi ya porini inayochemshwa kwa chumvi. Uko ukwaju, uko ubuyu, ziko furu, iko asali ya nyuki wa mwituni. Na kando ya Ziwa Eyasi wako ndugu zetu Wahadzabe ambao hadi leo huishi kwa mizizi, matunda, asali na nyama ya kuwinda.

Anayeonja vyakula hivi anaonja nchi yenyewe. Mahindi na mihogo, ambavyo leo tunaviona kuwa chakula chetu cha asili, vilifika Afrika kutoka Amerika karne chache tu zilizopita. Mgagani na ubuyu vilikuwapo zamani sana. Paulo na Barnaba walipokuwa Listra waliwaambia watu ambao hawajapata kuisikia Torati kwamba Mungu hakuacha kujishuhudia kwao, kwa kuwa aliwapa mvua na chakula (Mdo. 14:17). Basi hata wale waliotuletea Injili waliwakuta babu zetu wakila. Mungu alikuwa ametangulia kuwalisha. Uchungu wa mgagani mdomoni ni sehemu ya ushuhuda huo wa kale, na tungependa watoto wetu waujue.

Kwa nini basi tuudharau? Mara nyingi dharau ya chakula ni dharau ya watu. Huyu anachekwa kwa senene, yule kwa panya wa porini, mwingine kwa mlenda. Utani wa makabila una utamu wake na umetusaidia kuishi kwa amani, lakini mtoto akifika shuleni na kuficha chakula alichofungiwa na mama yake, utani umekwisha kuwa jeraha. Petro, katika Matendo 10, alionyeshwa nguo kubwa yenye wanyama wa kila aina, naye akakataa kula. Alipofika nyumbani kwa Kornelio alieleza fundisho alilopata: asimwite mtu yeyote najisi. Hatulazimiki sote kupenda senene. Ila mgeni mwenye adabu, akikuta sahani asiyoizoea, hamwaibishi aliyeipika.

Dharau hii ina hasara nyingine. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe katika nchi zake, na kwa mujibu wa sheria zao uliorodheshwa kama chakula kipya, kwa sababu haukuwa ukiliwa sana huko kabla ya mwaka 1997. Kitu ambacho bibi zetu wamekikorogea watoto uji tangu zamani kikawa kipya, kikatiwa katika pakiti nzuri, na bei ikapanda. Hatukatai biashara, ikimfikia mama wa Dodoma anayeokota ubuyu, tunamshukuru Mungu. Lakini ni huzuni kwamba wako miongoni mwetu walioanza kuuheshimu ubuyu baada ya kuuona kwenye pakiti. Zawadi haikubadilika. Aliyeisifu ndiye aliyebadilika. Usharika usisubiri wa mbali atuthibitishie alichotupa Mungu. Unaweza kuanza na tangazo dogo tu, kwamba katika sadaka ya mavuno vya kuchumwa vinapokelewa sawasawa na vya kupandwa.

Hata hivyo, kuheshimu chakula cha porini si kula chochote tunachokiokota. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, kinasimulia kwamba wakati wa njaa huko Gilgali mtu mmoja alikwenda kondeni kuchuma mboga, akaona mtango wa mwituni, akajaza nguo yake, akaja kuyakatia matunda yake sufuriani bila kuyajua. Walioonja walipiga kelele kwamba mna mauti ndani ya chungu. Elisha aliwaponya kwa kutia unga. Hakuwakataza watu kuchuma, wala hakumwaga chakula cha wenye njaa. Lakini habari yote ilianza kwa mtu aliyekusanya asichokijua.

Jambo hili si dogo katika nchi yetu. Ndiga, kiazi cha porini kilichowaokoa wengi wakati wa njaa, kina sumu. Hukatwa, hulowekwa na kubadilishiwa maji kwa siku kadhaa kabla ya kuliwa. Katika uyoga wa miombo, aina zinazolika na aina zinazoua zinaweza kufanana hata kumdanganya mtu mzima. Wako watu wanaosema kwamba chakula kikiombewa kimetakaswa, basi hakidhuru. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba kila kiumbe cha Mungu ni chema kikipokelewa kwa shukrani (1 Tim. 4:4), lakini hakumwambia aache kutumia akili. Maombi hayachukui nafasi ya maarifa ya bibi aliyefundishwa na mama yake ni uyoga upi unaolika. Maarifa hayo nayo ni zawadi ya Mungu, na mengi yako vichwani mwa wanawake wazee wanaokaa viti vya nyuma kanisani, ambao hakuna anayewauliza kitu. Wakiondoka wameondoka nayo, na chakula kitabaki porini bila mtu wa kutuonyesha.

Mgeni mwenye adabu pia hamalizi chungu. Kumbukumbu la Torati 22:6–7 inamruhusu mtu aliyekuta kiota njiani kuchukua makinda, lakini inamwagiza amwache mama aende zake. Ni amri ndogo, na ahadi yake ni kubwa: kufanikiwa na kuishi siku nyingi. Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji, jirani zetu ng'ambo ya mto Ruvuma, wana ndege anayewaongoza hadi kwenye mzinga wa nyuki msituni. Humwita kwa mlio maalumu, na wakishapata asali humwachia nta, maana ndiyo chakula chake. Sisi tunaowaimbia watoto habari za uumbaji tujiulize kama tunamwachia mtu chochote. Uyoga mwingi wa miombo huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti iliyo hai, kwa hiyo hatuwezi kuuhamishia shambani. Mti ukikatwa kwa ajili ya mkaa, mkaa unauzwa mara moja, na uyoga wa miaka mingi umekwenda nao. Hatuwalaumu wanaochoma mkaa kwa sababu ya umaskini huku sisi wa mjini ndio tunaoununua. Tunasema tu kwamba gunia lile lina bei ambayo haikuandikwa.

Tumefika kwenye nyama pori, na hapa suala ni gumu zaidi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka anayewinda awe na kibali, na tangu mwaka 2020 zipo kanuni zinazoruhusu mabucha yenye leseni kuuza nyama pori. Kwa hiyo Mkristo anaweza kuionja kihalali, na kuionja si dhambi. Isaka naye alipenda mawindo. Lakini tusome Mwanzo 27 yote. Mzee yule aliyafungamanisha maneno ya baraka na sahani ya nyama, na nyumba yake ikagawanyika. Mwishowe alichokula ni mbuzi wa zizini, wala hakutambua. Tamaa ya ulimi ilimwahidi mengi kuliko ilivyoweza kumpa. Anayenunua nyama ya usiku, isiyopimwa wala kuulizwa ilikotoka, anajiweka katika hatari ya magonjwa kama kimeta, na anamlipa mtu aendelee kumaliza kilicho cha wote.

Lakini tusiishie hapo, kwa sababu haki ina swali lingine. Mwenye fedha anaweza kula nyama hiyo mchana, na risiti mkononi. Jirani wa hifadhi, ambaye tembo wamekula mahindi yake usiku, anaweza kufungwa kwa kutega swala mmoja. Hatusemi sheria ni mbaya. Mnyama asiyelindwa huisha, na akiisha anayekosa kwanza ni maskini. Tunasema kwamba Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu hii hasa, kwamba mezani huyu ana njaa na yule amelewa (1 Kor. 11:21). Kuwa na leseni hakutuondolei wajibu wa kumwuliza jirani huyo amepata nini, na kanisa lililo karibu na hifadhi lina kazi ya kumsemea kabla hajafikia kutega mtego, badala ya kumsubiri atoke gerezani ndipo limwombee.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nasi tumekaa muda mrefu mezani pa Mungu katika nchi hii. Jembe tulilopewa ni kuuliza, kujifunza, kuacha kiasi, na kumkumbuka anayekula baada yetu. Kabla ya kula tumezoea kumwomba Mungu akibariki chakula na mikono iliyokiandaa, nasi huwa tunamfikiria mpishi, na pengine mkulima. Siku tutakapokuwa na mlenda au uyoga mezani, tuwaambie watoto wetu kwamba hiki hakuna aliyekipanda miongoni mwetu, kisha tunyamaze kidogo kabla ya kusema amina.